Mtu Aliyejificha Nyumbani kwa Hilali

Jumatatu, 3 Februari 2025
Mtaani kwetu Gongoni kuna hatari, na anayeiona ni mimi tu. Jirani yangu Hilali ana mtu ndani. Aliletwa na gari alfajiri, kajifunika gubigubi. Tangu hapo sahani zinaingia, mtu hatoki. Jambazi! Inaniuma. Mke wangu Julieth aliporudi kwao Nzega, nilibaki na rafiki mmoja tu, Hilali. Lakini nchi kwanza. Na watu wa usalama wakiona jicho langu, huenda wakaniajiri. Nikipata kazi, Julieth atarudi.

Jumanne, 4 Februari
Nimemchokonoa Hilali. Akasema ni mambo ya wanawake, akanikaribisha kahawa. Nimekunywa huku nikimpeleleza.

Jumatano, 5 Februari
Nimetoa taarifa. Bwana wa usalama hakushtuka. Akauliza nimeona nini hasa, na nani mwingine ameona. Nikamwambia pazia halifunguliwi. Akasema taarifa ya mtu mmoja ni fununu, wao huichunguza kwanza kabla ya kumgusa mtu. Akaniomba ninyamaze. Nimenyamaza. Nimemwambia kinyozi tu, na Mama Pelagia, na wale wa kwenye bao.

Alhamisi, 6 Februari
Ole wangu. Alikuja askari wa kike peke yake, kavaa baibui, akabisha hodi kistaarabu. Nyuma yake mimi. Nyuma yangu mtaa mzima. Mlango ulipofunguliwa tukasukumana hadi ndani.

Jambazi ni Bimdogo, dada yake Hilali. Amefiwa na mumewe huko Mwanza, anakaa eda. Kwao Waislamu mjane hukaa ndani, wanaume wa nje wasimwone. Kwetu Igunga ukifiwa nyumba hujaa watu. Ningejuaje? Alificha uso kwa mikono, akalia. 

Hilali hakufoka. Alisema, "Silasi, nilikwambia ni mambo ya wanawake. Hukutosheka?"



Jumapili, 9 Februari
Nimeenda kuomba radhi. Bimdogo kahamishiwa Cheyo kwa shangazi yao, na mwenye eda hahamishwi ovyo. Kosa langu. Nilimsalimu Hilali, akapita. Leo hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Nimelia, naandika kweli.

Nilipojifuta machozi nikawaza. Mtu asiye na hatia ataachaje kumsalimu jirani yake? Na kwa nini wamemhamisha mjane haraka hivyo?

Kesho nakwenda Cheyo, nikaone pazia la huko.