Mizani Yenye Adabu

Jumatatu, Januari 26

Bila mimi, hakuna mtu katikati ya Nairobi angejua ana uzito gani. Nasema hivi bila majivuno. Miaka kumi na tisa niko kando ya Barabara ya Tom Mboya na mizani yangu, na wakubwa wote wamepanda hapo: mawakili, wachungaji, hata jaji mmoja aliyevua viatu bila kuambiwa.

Siri yangu ni adabu. Chini ya mizani kuna skrubu. Ikienda kushoto, mama wa ofisi anapoteza kilo tatu, anarudi kazini akiimba. Ikienda kulia, kijana mwembamba anaongezeka tatu, anaondoka akitanua mabega. Nani ameumia? Muigai, yule wa ng'ambo ya barabara, amenunua mashine ya betri inayotangaza kilo kwa sauti. Leo ilimtangaza mama mmoja mpaka foleni ya basi ikageuka. Akaja kwangu machozi yakimtoka. Nikampunguzia tatu. Akaniita daktari!

Basi daktari ana mgonjwa. Ivyne, binti wa dada yangu Lornah, miaka kumi na sita, golikipa wa mpira wa mikono shuleni kwao. Taifodi ya Desemba ilimla ikabakisha macho na viwiko. Juzi Jumamosi, Waithera, mtaalamu wa lishe kule kliniki ya Hurlingham, alimpima: arobaini na nne na nusu. Akifika arobaini na sita kabla ya Februari 7, ataandikiwa barua ya ruhusa na atasafiri na timu. Asipofika, timu itaenda na golikipa mwingine. Ivyne ameandika tarehe hiyo ukutani, juu ya kitanda.

Nimemwambia Lornah aniachie kazi hii. Amesema kitu atakachoniachia ni sufuria za kuosha. Hayo ndiyo malipo ya kumchangamshia nyumba hapa Kawangware miaka minne.

Jioni nilimsimulia Ivyne jinsi nilivyompima ndovu mguu mmoja mmoja, halafu nikajumlisha. Alicheka mpaka akamaliza vikombe viwili vya uji bila kujua.

Jumanne, Januari 27

Nimesoma karatasi ya Waithera. Kula kidogo kidogo mara sita. Uji wa wimbi wenye njugu, mayai, avokado, maziwa. Asilazimishwe. Ale pamoja na wengine. Ni hayo tu! Hakuna hata sindano moja. Ati huyu alienda chuo kikuu.

Nimebeba mizani nyumbani moja kwa moja kutoka kwa wateja wangu wa saa saba, akina mama wa benki. Nikampandisha Ivyne. Arobaini na moja na nusu! Kilo tatu zimepotea tangu Jumamosi! Nikashika ukuta.

Ivyne akasema ajabu, mbona sketi imeanza kumbana. Nikamwambia ni sabuni.

Nimewaza mpaka nikapata jibu. Kicheko! Jana alicheka karibu saa nzima. Gunia la mahindi likitikiswa njiani hufika pungufu, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Kilo zake zinamwagika. Na anayezimwaga ni mimi, na kipaji changu.

Jumatano, Januari 28

Nimepiga marufuku kicheko. Nimefunga mdomo mezani. Iliniuma kama jino. Tulikula kama watu waliokuja matangani kwa marehemu wasiyemjua. Ivyne alizungusha kijiko kwenye uji, akala vijiko vinne, akasema ameshiba. Lornah aliniuliza kama nataka kutapika. Nikatikisa kichwa kwa heshima.

Ijumaa, Januari 30

Nimeleta maini nusu kilo kutoka sokoni. Nimemkataza Ivyne kuruka kamba, kupanda ngazi, kupunga mkono. Mkoba wake nimebeba mimi mpaka lango la shule. Wenzake wakauliza huyu mlinzi ametoka kampuni gani.

Maini alikula vipande viwili, vingine akavisukuma kando ya sahani. Amesema chakula hakishuki siku hizi, kinakaa kooni kinangoja kitu. Nikamuuliza kinangoja nini. Hajui.

Muigai amesikia habari. Akapiga kelele kutoka ng'ambo: "Mzee Ochola, lete mtoto kwa mashine ya kweli!" Sikumjibu. Simba hajibu kuku. Isitoshe malori yalikuwa yanapita.

Jumapili, Februari 1

Baada ya kanisa nimempima tena. Arobaini na moja kamili! Amepungua, na hajacheka tangu Jumanne!

Ivyne aliangalia ile sindano ya mizani. Akaenda nyuma ya nyumba, katikati ya nguo zilizoanikwa. Lornah alimfuata, kisha akarudi kunitazama kwa jicho ambalo marehemu mama yetu alilitumia mara moja tu, siku nilipouza mlango. Akaniambia: "Mtoto analia kwa sababu ya hilo bati lako, Ochola. Na hii nyumba imekuwa kaburi. Ulimfunga mdomo nani, yeye au wewe?"

Nikaenda kwenye nguo. Mimi niliyempima ndovu nikaanza kuanua soksi. Ivyne akapangusa pua kwa shuka, akauliza: sasa Anko, ule mguu wa nne ulikuwa kilo ngapi?

Jamani, mdomo ulitoroka wenyewe. Nikamwambia mguu wa nne ndovu alikataa katakata kuuinua. Anko kubembeleza, Anko kuimba. Kumbe chini yake alikuwa ameficha mkungu mzima wa ndizi, na mwenye ndizi alikuwa amesimama pale pale na polisi wawili!

Alicheka mpaka akakalia beseni. Halafu akaingia ndani na kula ugali, omena, yai, na avokado aliyoitoa kwenye sahani yangu. Nikajiambia acha zimwagike. Tutaziokota mbele ya safari.

Jumanne, Februari 3

Nasimulia asubuhi, nasimulia akitoka shule, nasimulia usiku. Nimewasimulia jinsi nilivyosimamisha mvua kule mtaa wa Karen ili arusi ya tajiri mmoja iendelee, nikasahau kuifungulia tena mpaka maua yao yakakauka. Lornah, ambaye eti hapendi uongo, ameniomba ile ya saa mbili niirefushe kidogo maziwa yaishe.

Na saa nne, akiwa shuleni? Hapo ndipo akili yangu ilipoonekana. Nimeandika hadithi moja kwenye karatasi, nikaifunga pamoja na mayai ya kuchemsha na njugu. Amerudi na karatasi tu, chakula kimeisha. Ati marafiki wanaigombea, na kesho niandike herufi kubwa kidogo.

Ila mizani inasema arobaini na mbili na nusu. Inapanda, lakini siku zimebaki nne!

Ijumaa, Februari 6

Arobaini na tatu. Kesho ndiyo kesho. Sijamwonyesha mtoto. Nimemwambia mizani inapumzika.

Amepiga pasi jezi yake. Ameitundika mlangoni, namba moja mgongoni, kila anayepita anaigusa.

Siwezi kuona jezi hiyo ikirudi sandukuni. Nina mpango. Kila mizani duniani ina skrubu. Nitaingia kliniki kabla yao, nikiwa na bisibisi kwenye soksi. Kilo tatu tu, kwenda kulia. Huo si wizi. Hiyo ni adabu.

Jumamosi, Februari 7

Nimetembea mpaka Hurlingham na bisibisi kwenye soksi. Inachoma. Kuingia nimeingia. Kulala chini ya mizani nimelala. Skrubu sijaiona! Mizani gani haina skrubu? Nilikuwa bado natafuta nilipoona viatu vyeupe karibu na pua. Waithera akauliza, kwa heshima kabisa: "Mzee wangu, umeangusha kitu?"

Nikasema nasali.

Lornah na Ivyne wakaingia. Nikainuka nusu. Ivyne akavua viatu, akapanda, akafunga macho. Mimi pia.

Arobaini na sita na robo!

Lornah alipiga kigelegele mpaka mtu wa meno akatoka chumba cha pili. Ivyne akaruka. Mimi nikaruka, bisibisi ikatoka kwenye soksi, ikabingirika mpaka miguuni kwa Waithera. Lakini mimi ni mtu wa ukweli wa kazi yangu, nikapinga hapo hapo. Nikasema mashine hiyo ni mbovu, mtoto ni arobaini na tatu, nimempima jana mwenyewe! Lornah akanikanyaga kidole.

Waithera akamuuliza Ivyne alifanyaje. Akasema ni Anko. Anadanganya vizuri sana mpaka mtu anasahau kwamba ameshiba. Waithera akacheka, akapiga mstari mara mbili chini ya "ale pamoja na wengine". Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu, lakini sisi tunajua ni yale maini.

Halafu akasema kama nashuku mizani yake, nipande. Nikapanda kifua mbele. Mimi ni wa kilo themanini tangu ujana, mtaa mzima unajua.

Hamsini na nne.

Akanipima urefu. Akafungua droo, akanipa karatasi kama ile ya Ivyne, na tarehe ya kurudi.

Jumapili, Februari 8

Ivyne amegeuza mizani yangu, akauliza mbona skrubu iko kushoto kabisa. Nimemwambia vyuma hulegea na baridi. Ameinamisha kichwa. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Jioni amenipikia uji wenye njugu. Akaketi mbele yangu na kuanza: eti mwaka jana alizuia mpira kwa pua, ukarudi kwa kasi ukavuka uwanja, ukavuka ukuta, ukamkuta kocha wao hotelini ukamwagia chai. Uongo mtupu! Mtoto huyu atafika mbali. Nimekunywa vikombe viwili. Hilo halihusiani kabisa na hadithi.

Nimezungusha skrubu kulia, nikajipima. Hamsini na saba! Kilo tatu kwa siku moja! Waithera akisikia atafunga kliniki. Kesho naweka kibango kando ya mizani: MAINI YA OCHOLA, TIBA YA WEMBAMBA. Muigai atakufa kwa wivu.

Jambo moja dogo, na liishie kwenye daftari hili. Zile hamsini na nne za jana, nilikuwa nimevaa suruali mbili.