Yah: Kurudishiwa Dada Yetu Kama Alivyokuwa

Nyumbani kwa dada,
Mbinga Mjini.

Kwa Mwezeshaji wa Semina ya Afya ya Akili kwa Wauguzi,

Shikamoo. Kama umri wako bado haujaifikia shikamoo yangu, itunze, utaikuta huko mbele.

Mimi ni Othmar, mdogo wake muuguzi Emerensiana wa wodi ya wazazi, yule aliyekaa kiti cha nyuma kwenye semina yako. Shule niliishia kidato cha pili, si kwa kuishiwa akili, bali walimu waliishiwa cha kunifundisha. Barua zote ngumu za mtaa huu naandika mimi, kwa hiyo usidhani nimeandikiwa.

Mheshimiwa, mlimchukua dada akiwa mzima, mmeturudishia mtu mwingine. Alikuwa mzima kabisa! Akitoka zamu ya usiku anapika, anafua, anapokea wagonjwa wa ukoo mzima kutoka kijijini kwetu Matiri. Wao wanalala kitandani, yeye kwenye kiti. Alikuwa akilia kidogo jikoni, lakini kilio cha adabu, hakina kelele, na akimaliza anatupakulia. Siku moja alisinzia amesimama, mwiko mkononi, ugali ukaungua. Hatukumsema. Tuliula hivyo hivyo.

Sasa malalamiko.

1. Neno "mipaka". Dada alirudi akisema amefundishwa kuweka mipaka. Mama alipiga vigelegele, maana kule Matiri jirani yetu Hilari kila msimu anasogeza kahawa yake upande wetu. Tukasema hatimaye Serikali imetukumbuka. Baba mdogo Raimundi akachonga vigingi, akapanda navyo basi hadi mjini. Dada akamwamkia, akampa chai, akamwambia, "Baba mdogo, mpaka wangu ni Jumamosi. Siku hiyo sipokei mgonjwa, sipokei simu, sipokei mgeni." Mzee wa watu akabaki amekumbatia vigingi. Akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo Jumamosi ina ekari ngapi?" Hilari mpaka leo anasogea.

2. Hiyo Jumamosi yenyewe dada anateremka Mbamba Bay peke yake, anakaa juu ya jiwe, anatazama ziwa. Hachoti maji, hafui, hasubiri mtu. Wewe umehamishiwa tu huku, labda hujui: mtu wa Mbinga hateremki ziwani akarudi bila hata fungu la usipa. Sisi tulikwisha bandika sufuria. Nikamuuliza, "Dada, samaki wako wapi?" Akanijibu amerudi na usingizi. Mheshimiwa, usingizi haukaangwi.

3. Ngoro. Sisi Wamatengo tukilima mashimo yetu ya ngoro mlimani, mwanaume anafyeka nyasi na kuzilaza, mwanamke anazifukia kwa udongo. Mimi nyasi zangu nilizilaza kwa ustadi unaojulikana hadi kijiji cha Mapera. Nikangoja mkono wa kike. Dada akasema, "Othmar, shamba likichoka mnalipumzisha. Mimi nimelikosea nini shamba, hata nipitwe nalo?" Hoja hiyo sikuijibu kwa sababu ya heshima, si kwa kushindwa.

4. Hili ndilo baya kuliko yote: amenawiri, na anaimba. Mama akaogopa kwamba akili imemruka, akaita jumuiya ije kumwombea. Wakamkuta anacheka. Mwenyekiti wao, Mama Scholastica, akafunga kitabu cha sala, yeye na dada wakakaa barazani wakanong'ona mpaka chai ikapoa. Mheshimiwa, ugonjwa unaambukiza! Jumamosi iliyofuata Mama Scholastica naye hakupatikana, na mumewe alikuja kwetu kuuliza chumvi inakaa wapi. Chumvi ya nyumbani kwake mwenyewe! Akina mama wote wakipata afya ya akili, sisi tutaponea wapi?

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu semina yako uifute kichwani mwake. Ikishindikana, basi hiyo afya ya akili awe nayo saa za kazi tu, hukohuko hospitali, nyumbani aje bila.

Simu yake siku hizi ananiachia mimi. Alisema, "Wewe si bingwa? Haya, shika." Nimeishika, na sijatetereka.

Nisalimie wawezeshaji wenzako, dereva wenu, na yule mama mpishi wa semina. Dada hachoki kusimulia habari zake, eti mama huyo alimletea chai yeye dada akiwa amekaa.

Ni mimi, mtetezi wa familia iliyoonewa,
Othmar

N.B. Barua hii nimeiandikia ndani ya banda la kuku, nimejikunja, maana huku mtandao haushiki. Tangu alfajiri simu ilikuwa hainyamazi. Mtu kutoka Tingi anataka kitanda wodini. Baba mdogo anauliza kama Jumamosi imekwisha. Binti mmoja, Serafina, mimba yake ya kwanza, anasema mtoto tangu jana hachezi, afanyeje? Nilijua nini mimi? Nikamwambia akimbie hospitali, nikakaa chini kuitazama simu mpaka aliponipigia kwamba yeye na mtoto wako salama. Halafu nikalia. Kilio cha adabu, hakina kelele.

Dada amepokea simu za namna hii miaka yote, na sisi tukasema ni mzima. Ombi langu la juu lichane. Semina ijayo niandike jina, kiti chochote. Ila Jumamosi msiiguse, hiyo ni yake. Mimi nitafutieni Jumapili, baada ya misa.