Boti ya Mwenye Nguo Kavu

Wananchi wote wa Unguja mnaarifiwa, kwa furaha isiyo kifani, kuwa mwaka huu wa 1956 Idara ya Vyombo vya Kujazwa Upepo imepokea boti tatu za mpira za kuzamia. Wenye chuki wanaziita mito ya kulalia. Mimi, Karani Mkuu wa Idara, nilizigawa kwa haki.

Ya daraja la kwanza ina sakafu ya mbao na mashine nyuma, na mpira wake umegawanywa vyumba. Kikitoboka kimoja, vingine havina habari. Hiyo nikampa Mkurugenzi, Bwana Borafya. Ya daraja la pili haina mashine. Nikaichukua mimi, nikaitumia ofisini kwa kulala mchana. Ya tatu ni duara, chumba kimoja tu, sakafu yake inabonyea kama tumbo. Hiyo nikampa Ame, mzamiaji wetu, ambaye kwa kweli ndiye pekee anayezamia.

Mwezi uliopita Ame alikuja ofisini amefura.

"Bwana karani, jana tumbawe limetoboa boti kule Chapwani. Imenywea yote, nkaogelea na mitungi ya hewa mgongoni. Nipe ile yenye vyumba. Mie nna watoto."

"Boti bora ni ya mwenye kurudi na nguo kavu," nilimjibu. "Wewe unarowa kila siku. Utaifanyia nini?"

"Sheria hiyo kaitunga nani?"

"Mimi. Na Mkurugenzi kaipigia makofi."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tukaizindua boti ya Mkurugenzi pale Shangani, mbele ya watu. Chombo kipya hapa kwetu hufukizwa udi, sembuse cha mkubwa. Bwana Borafya akapanda na joho lake, akaketi. Nikamwekea chetezo chenye makaa mekundu juu ya mpira, karibu na pua yake, asikose moshi. Ame, aliyekuwa pembeni ndani ya duara lake lenye kiraka, akauliza kama makaa na mpira vinajuana. Nikamwambia daraja la kwanza haliungui bila idhini.

Likaungua bila idhini. Ukatoka mlio mrefu wa aibu, ubavu mmoja ukanywea, na Bwana Borafya akateleza baharini mzima mzima. Boti yenyewe haikuzama. Ame akamnyooshea kasia, akamkokota hadi mchangani; hata kikoi cha Ame hakikuona tone.

"Bwana karani," akasema Ame kwa sauti, "nani mkavu hapa?"

Watu wakavunjika mbavu. Bwana Borafya, maji yakimchuruzika ndevuni, akaninong'oneza, "Toa sheria nyengine, haraka!"

Haikuwezekana. Ilishatangazwa, na mwenyewe kaipigia makofi.

Basi Ame ameitia kiraka ile yenye vyumba, na anazamia nayo. Mkurugenzi kapewa duara. Mimi nilikuwa nimeingia maji hadi kiunoni kuokoa chetezo, kwa hiyo ya daraja la pili pia kaichukua Ame, iwe akiba. Roho inaniuma, sifichi. Siku hizi mchana nalala juu ya mkeka, na mkeka haujazwi upepo.