Saa Tatu za Wakili wa Keinan

Garissa,
9 Novemba 1966

Kwa Bwana Msajili wa Mahakama, mpima gharama,

Assalamu alaikum. Mimi ni Habibo Olow wa darasa la saba. Mdomo wangu mzito, ndiyo maana naandika. Bibi yangu, ayeeyo Maka, ameshindwa na mfanyabiashara Keinan katika kesi ya ngamia jike. Hilo tumelimeza. Lakini ameamriwa pia alipe gharama za wakili wa Keinan, na asipolipa kufikia tarehe ishirini, ngamia wake wa mwisho atauzwa. Bili nimeisoma kwa Kiingereza, nikamtafsiria. Kwa heshima zote tunaipinga.

1. Kusoma hati yetu ya madai, saa nne. Hati ni kurasa mbili, niliiandika mimi. Msomi wa Nairobi akihitaji saa nne kwa mwandiko wangu, arudi darasa la sita, na karo alipe mwenyewe.

2. Kungoja msafara wa jeshi darajani, siku mbili. Sisi huungoja msafara huo huo na mbuzi wetu, na hatujampelekea mtu bili. Aeleze yeye hungoja kwa ustadi gani.

3. "Nyongeza kwa hatari za eneo," shilingi thelathini kwa siku. Yaani kuogopa kunalipwa. Yeye aliogopa siku tatu, ndani ya nyumba ya mawe, askari mlangoni. Ayeeyo anaogopa mwaka wa tatu huu, mchana askari, usiku waasi wa shifta, wala hana likizo. Kwa kiwango cha wakili, na ngamia mmoja kwa shilingi mia tatu, nimepiga hesabu: Serikali inadaiwa na ayeeyo ngamia mia moja na tisa. Si lazima waje wote siku moja.

4. Majadiliano ya suluhu na upande wa pili, saa tatu. Hili ndilo limemchoma bibi yangu. Upande wa pili ni ayeeyo, mkalimani nilikuwa mimi, na siku hiyo nyumbani kwetu alisema maneno haya tu: "Ngamia ni wangu. Mpe mgeni maziwa." Yapimeni kwa saa yoyote ya Serikali, wallahi hayafiki nusu dakika. Nasikia sheria humtaka anayedai gharama azithibitishe. Basi athibitishe muda uliobaki ulikwenda wapi. Mkiifuta hii ya nne peke yake, ngamia anabaki.

Wasalimie makarani wote, na yule askari wa mlangoni aliyenifukuza nikiwa bado natafuta neno la kuanzia. Ayeeyo anakusalimu. Ngamia naye hajambo, mpaka tarehe ishirini.

Mimi mtiifu wako,
Habibo Olow

Baada ya sahihi: Ayeeyo ametoka kukamua, haya sikumsomea. Muda uliobaki ninao mimi. Wakili aliuliza swali lake, nikaona haya, nikajificha nyuma ya pipa la maji. Alingoja, akanywa maziwa, hakunikaripia. Zilikuwa saa tatu na robo, robo hakuiandika. Alitaka kujua kama ayeeyo angekubali yeye na Keinan wagawane ndama watakaozaliwa na yule ngamia jike, kesi iishe, asiwepo wa kumdai mwenzake gharama. Mwishowe nilimtafsiria wakili maneno ya ayeeyo. Swali la wakili sijamtafsiria ayeeyo mpaka leo.