Waya Mmoja wa Ziada

Jumatatu, 5 Mei

Wakaaji wote wa Kamina, kutoka stesheni mpaka Base ya wanajeshi, wajue jambo hili. Leo, saa nne na dakika kumi na tatu asubuhi, mimi Umba, mwenye duka la kuchapa barua, fotokopi na video za harusi, nimewasha kompyuta mpya, feni tatu zenye taa.

Hakuna aliyepiga makofi. Mbuzi mmoja alisimama, akaangalia, akaenda zake.

Kompyuta hii nimeiunganisha mwenyewe, kipande kwa kipande. Vipande vilikuja kwa treni kutoka Lubumbashi, wiki tatu njiani. Sanduku lilipakiwa likiwa safi. Samaki walipandia Bukama wakakaa juu yake. Harufu si kitu. Ubavu mmoja ni wa kioo, na nimeiweka dirishani, kioo kikitazama barabara, maana upande wa pili wa barabara yuko Amédée. Amédée anafanya kazi ileile ninayofanya mimi, ila yeye ana wateja.

Kutoka mashine ya zamani nimehamisha diski kubwa. Mle kuna miaka saba ya Kamina, harusi kwa ubatizo. Mle kuna pia dakika kumi na moja za marehemu Papa Kasongo wa reli, akimpa binti yake Bijou mashauri siku ya harusi. Simu iliyokuwa na video hiyo ilizama Lualaba, pale pale Bukama kwenye samaki. Kwa hiyo sauti ya mzee imebaki mahali pamoja tu duniani, nako ni kwangu. Jumamosi hii mjane wake, Mama Lucienne, anavua nguo nyeusi za msiba, na anataka siku hiyo familia imsikie mzee uani. Nimemwambia alale usingizi.

Taa ni nyekundu. Nilitaka buluu. Kesho nitarekebisha. Kazi ya dakika tano.

Jumanne, 6 Mei

Hasira tupu. Saa mbili asubuhi wanajeshi wawili wa Base wameingia, wakavua kofia, wakaketi, wakaomba bia mbili za baridi. Nikawaambia hapa ni fotokopi. Mmoja akaangalia dirisha langu jekundu, akaniangalia mimi, akasema wao si watu wa fujo, wangelipa hata kabla ya kunywa. Saa nne wakaja wengine watatu. Mke wa pasta, aliyekuwa analeta barua za kuchapa, alifika hatua mbili kutoka mlangoni, akaona wekundu ule, akavuka kwa Amédée huku mkono umefunika macho.

Na Amédée? Akasimama kwenye ngazi yake ili mtaa mzima usikie.

"Umba ndugu yangu, basichana ba kuhudumia banaanza lini? Nyama ya mbuzi itakuwa?"

Delphine, mke wangu, akanishauri niachane na taa, kwanza nimtolee Mama Lucienne video yake kwenye flashi. Nikamweleza kwamba video haina miguu. Taa ndizo zinazonitia aibu.

Programu ya taa ilikula intaneti ya wiki nzima, ikafunguka, ikasema haioni taa yoyote. Taa ziko mbele ya pua yangu, nyekundu kama jicho la mlevi, na programu haioni! Nikafungua ubavu. Kumbe feni hizi zina kisanduku kidogo cha kuziamuru, na kisanduku hicho kinataka umeme wake chenyewe, kwa waya wenye mdomo bapa. Waya wa namna hiyo ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa umeshika diski kubwa.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Nikaitazama diski vizuri. Ilikuwa na nyaya mbili: mmoja mwembamba, mmoja bapa. Mimi na miaka yangu arobaini na minne navaa mkanda mmoja. Diski ni nani hata ivae miwili? Ni kweli niliichomeka mwenyewe, kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Lakini karatasi hiyo imeandikwa na watu wanaouza nyaya.

Nikachomoa ule bapa, nikakipa kisanduku cha taa.

Buluu! Kisha kijani, kisha rangi zote zikikimbizana kuzunguka feni. Mbuzi amerudi.

Jumatano, 7 Mei

Diski imepotea.

Si kwamba imeibiwa. Ipo, naigusa kwa kidole, baridi kama samaki. Lakini kompyuta inasema inayo diski moja tu, ile ndogo mpya. Kubwa haijui. Nimezima na kuwasha mara tisa. Waya mwembamba nimeubadilisha mara tatu. Nimepuliza vumbi. Nimeitoa nikaitikisa karibu na sikio. Kimya. Na muda wote huo taa zinapendeza ajabu, buluu kama bahari ambayo sijaiona.

Nani kafanya hivi? Kwanza nililaumu treni, kwa kule kutikisa. Lakini diski haikupanda treni, imekaa Kamina miaka saba. Basi ni Amédée. Jana jioni alikuja, akasema amekuja kunipongeza, akaegemea kioo kwa kiwiko chake. Mtu haegemei kioo cha mwenzake bure. Nimetaka kumwandikia mashtaka kwa mkuu wa mtaa, kurasa mbili. Mfano wa barua za mashtaka uko kwenye diski ileile.

Kwenye simu, jamaa mmoja mwenye kofia anafundisha kwamba diski ikisumbua, dawa ni kuifuta yote na kuanza upya. Nikajaribu. Hata kuifuta, inataka ionekane kwanza. Siku haina hata faraja hiyo.

Saa tisa Mama Lucienne amepita, mweusi kuanzia kitambaa hadi viatu, akauliza mzee wake anaendeleaje. Nikasema sauti yake inasafishwa. Akasema tusimsafishe sana, hata alipokuwa hai hakupenda. Akaenda. Nikabaki nimeketi, nimemkasirikia kila mtu aliye hai.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango!

Muteba ni mstaafu wa reli anayekaa nyuma ya stesheni. Anaiga sauti ya mtu yeyote, na alifanya kazi na Papa Kasongo miaka ishirini. Picha ya marehemu ninayo ukutani, niliipiga mwenyewe. Tunaweka picha, juu yake tunaweka koo la Muteba, dakika kumi na moja. Nani atajua? Watu watakuwa wanalia. Masikio ya mtu anayelia yamejaa maji.

Muteba alikubali kabla sijamaliza kueleza. Tukajaribu nyuma ya duka. Nilisimama wima bila kutaka: alikuwa mzee mwenyewe, na kile kikohozi chake cha mwanzo wa kila neno. Kisha Muteba akaanza kuongeza. Marehemu akamsifu Muteba. Marehemu akakumbuka kwamba Muteba ni mtu wa kuaminika. Marehemu akataka baiskeli yake iende kwa Muteba. Nikakata, nikamwambia arudi kwenye ndoa ya Bijou.

Delphine alikuwa anaanika nguo pale karibu. Alisikia yote. Hakupaza sauti, na hilo ndilo baya kwake.

"Ule mama atasikiliza ile sauti kila siku mpaka afe," akasema. "Weye unataka akufe na Muteba mu masikio?"

Nikamwambia haelewi teknolojia. Jioni nimekula bukari, ugali wetu, bila mboga. Mboga ilikuwepo. Niliinusa.

Ijumaa, 9 Mei

Muteba ana ugonjwa wa kupenda kazi iwe nzuri. Jana ileile, akiwa ametoka kwangu, alikwenda moja kwa moja kwa Mama Lucienne kumwuliza kama marehemu alikuwa anasema "mutoto yangu" polepole au haraka. Mama akauliza kwa nini anataka kujua. Naye akamweleza. Yote! Hata baiskeli.

Saa moja na nusu asubuhi Mama Lucienne alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha wateja, mkoba juu ya magoti. Nikaanza na treni, nikapitia samaki, nikafika kwenye kiwiko cha Amédée. Akanyanyua kiganja.

"Minyi sikukuya kuangalia taa, Papa Umba. Bwana yangu iko mule ndani, ao haiko?"

Nikasema yumo, ila kompyuta haimwoni.

"Fungua."

Sharti niandike kazi ya marehemu ilikuwa nini. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Kabla treni haijatoka Kamina, alitembea kutoka injini mpaka behewa la mwisho, na kila penye kiungo aliweka mkono: mnyororo umekaza, mpira wa breki umeshika. Giza, mvua, mkubwa wa stesheni akipiga kelele, hakuruka kiungo hata kimoja. Mama Lucienne alimpelekea chakula relini miaka thelathini na moja, na kila siku alingoja na sufuria mpaka mkono ufike mkiani ndipo mtu ale.

Nikazima umeme, nikafungua ubavu. Akavua pete, akaingiza mkono ndani ya kompyuta yangu. Akaanzia kwenye sanduku la umeme kama vile ni injini. Waya kwa waya, kwa kidole, akiuliza kila mmoja unamlisha nani. Nikamjibu kama mtoto wa katekisimu. Akafika kwenye diski kubwa. Huyu analishwa na nani? Nikasema anao waya wake mwembamba, ule pale. Akauliza kama huo unaleta chakula au unaleta maneno. Nikafikiri. Nikasema ni maneno.

"Sasa yeye anakula nini?"

Kidole chake kikazunguka, kikaupata ule waya bapa, kikaufuata mpaka kwenye kisanduku cha taa, kikatulia hapo. Nikamweleza habari ya buluu, heshima ya duka, mke wa pasta. Nakubali kwamba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomoa, akaurudisha kwenye diski, akanipa ishara niwashe.

Diski ikaanza kunguruma kabla kidole changu hakijaacha kitufe. Miaka saba, harusi zote, ubatizo wote. Taa zikarudi nyekundu. Na katika wekundu huo Papa Kasongo akakohoa.

"Bijou, mutoto yangu," akasema mzee. "Mbele ya mashauri niulize. Nani alinipa hii bia ya moto?"

Mama Lucienne akaweka kitambaa mdomoni. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Halafu kweli alikuwa analia, halafu sikujua tena, nikatoka nje kutazama barabara.

Alipomaliza alinitaka nimpe video kwenye flashi. Nikampa. Akavuka nayo moja kwa moja mpaka kwa Amédée, akamwamuru aiweke kwenye mashine yake na kwenye simu ya Bijou, maana mzee wake hatakaa tena chini ya paa moja tu. Kwa Amédée! Kazi yangu, kamera yangu, sasa imelala kwa Amédée.

Jumamosi, 10 Mei

Mama Lucienne alitoka nyumbani akiwa na kitenge cha njano, na dada zake wakapiga vigelegele mpaka treni iliyokuwa stesheni ikaonekana kama inajibu. Spika ilikuwa ya Amédée. Yangu, alisema Mama, inakoroma.

Mzee aliongea dakika zake kumi na moja, nne kati ya hizo zikiwa juu ya ile bia. Watu wa reli walimjibu kana kwamba yuko pale. Alipouliza kwa mara ya tatu nani alimletea kitu cha moto namna hii, mkaguzi mmoja kijana aliyefundishwa naye akasimama, akatoka uani, akarudi na chupa yenye jasho, akaiweka mezani mbele ya spika. Hakuna aliyecheka. Muteba alikaa nyuma kabisa, kofia mkononi, na hakuiga mtu siku nzima. Kulikuwa na vumbi jingi. Liliniingia machoni.

Mama Lucienne alishukuru kwaya, akamshukuru Amédée kwa spika, akasema pia Umba alimtunzia bwana yake miaka yote. Delphine akanifinya mkono. Nilipewa nyama mara mbili.

Watu zaidi ya themanini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza habari ya taa.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya misa nimekaa nikatafakari wiki hii, na nimejifunza. Nyaya mbili za diski ni haki yake. Siigusi tena. Nimeapa mbele ya Delphine na mbele ya sufuria, na leo mboga imerudi.

Lakini taa ni nyekundu. Saa saba sajini mmoja amekuja na mke wake na mama mkwe, wamevaa vizuri, kuuliza kama ukumbi wangu unakodishwa kwa ubatizo.

Nikafungua ubavu. Safari hii nilifuata njia ya wakaguzi, bila haraka: mkono kwa kila waya, kutoka kichwa mpaka mkia, kuuliza kila mmoja unamlisha nani. Ni njia nzuri sana. Ndiyo iliyonipeleka kwenye feni kubwa ya nne, iliyokaa katikati juu ya ubongo wa kompyuta. Haina taa hata moja. Kutoka barabarani haionekani. Inazunguka tu, inapuliza upepo juu ya ubongo huo, inakula umeme wangu tangu Jumatatu, na haijawahi kumleta mteja. Waya wake hauna mdomo bapa, lakini kisu ninacho, na utepe wa umeme ninao.

Saa nane na dakika ishirini taa zikawa buluu. Nikamwita Delphine. Nikamwita hata Amédée, avuke aone.

Zilikaa buluu dakika nne, mpaka kompyuta nzima ilipopata moto kama ile bia ya mzee, ikazimika.