Watoto wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi
Makubwa! Mwalimu mkuu kaja dukani kwangu. Shule huenda ikafungwa, watoto hawapo. Alhamisi manispaa inamtuma afisa ajionee mwenyewe. Watoto wameenda wapi, na ghorofa zote zimejaa watu? Nimeshona sare mbele ya lango hili tangu ujana wangu. Shule ikifungwa nitamshonea nani? Sielewi.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita mlango kwa mlango kutafuta watoto. Patupu! Familia zimehamia viwanja vya pembezoni. Waliobaki ni wazee wachache. Walioingia ni vijana, kila mtu peke yake na kompyuta yake. Mmoja nilimuuliza kama ana mtoto, akanionyesha paka. Kinyozi jirani, mjuaji yule, siku hizi anauza kahawa zaidi kuliko anavyonyoa. Eti na mimi nibadilike, niwapunguzie vijana suruali. Nikamwambia mimi ni fundi wa sare, si wa viraka. Kacheka mpaka kakohoa. Shauri yake.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata! Dada yangu anaishi huko pembezoni na watoto wamejaa tele. Nimempigia simu aniazime kwa siku moja, akagoma. Nikambembeleza, nikamkumbusha tumetoka tumbo moja. Kakubali kuja na wanawe na wa majirani, mradi niwalishe washibe. Nyuma yake nilimsikia shemeji akisema nimerukwa na akili.

Alhamisi, 7 Machi
Basi zima! Nimewavisha sare zote zilizododa kabatini. Walivyopendeza, machozi yakanilengalenga. Mwalimu mkuu akawa anatazama dari tu. Afisa kaingia darasani, kafurahi, kisha kawauliza wanaishi wapi. Nilikuwa nimewafundisha salamu, wimbo na namna ya kukaa. Hilo sikuwafundisha! Wakajibu kwa sauti moja kwamba wanaishi mbali, wameamka kungali giza. Mmoja akapiga miayo. Afisa kasikitika mno, kaniaga kwa kunishika mkono. Ni heri au ni balaa? Kichwa kinaniuma.

Jumatatu, 11 Machi
Shule imepona! Ila inahama. Manispaa imesema watoto wasiteseke hivyo, shule iwafuate huko huko pembezoni. Sasa nimeshinda au nimeshindwa? Nimekaa kwenye cherehani, hata uzi umenishinda kutunga kwenye sindano. Naogopa, kusema kweli. Kinyozi kaniletea kahawa na hakunicheka. Hapo ndipo nilipoumia.

Jumanne, 12 Machi
Dada kapiga simu, anashangilia. Shule itajengwa nyuma ya nyumba yake! Ana chumba kitupu kinachotazamana na kiwanja, nihamie na cherehani yangu hata kesho. Nimemshukuru, nikamwambia nimebanwa na kazi. Ijumaa manispaa inarudi kuangalia kama mtaa una wazee wa kutosha, jengo la shule ligeuzwe zahanati. Wetu ni wachache mno. Nikamwomba aniazime mama mkwe wake na wenzake. Simu ikakatika, mtandao wa huko bado mbovu. Watakuja tu. Nimeshaanza kuwakatia sare.