Kidole Changu Kinywani mwa Koelo

Ndugu zangu wa kundi hili la mnada wa mbuzi, leo nimeaibika mchana kweupe. Najitangaza mwenyewe kabla ile picha haijawafikia. (Najua imeshamfikia Mutwiri. Mutwiri hafichi hata homa.)

Mnajua binti yangu Kendi anasoma pale chuoni Nchiru. Miezi mitatu amekuwa akijenga mifupa ya mnyama kwa waya, karatasi na plasta. Dinosari wa kale sana, mla nyama, ambaye mabaki yake yalichimbwa Zimbabwe. Jina lake ni refu kama maombi ya harusi, kwa hiyo mimi namwita Koelo. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kumsahihisha. Alama za Koelo ndizo za kuamua kama Kendi anamaliza mwaka huu ama anarudia.

Nikafika saa tatu. Koti la kanisani, viatu vimeng'arishwa. Kendi akaniketisha mbele ya Koelo.

"Baba, naenda kumwita daktari anayesahihisha. Nichungie huyu. Usimguse."

"Nimguse ya nini? Mimi nimeshika mbuzi kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuambia."

Akatoka. Tukabaki wawili.

Jamani, ni mrembo. Urefu hatua tatu. (Nilipima mara mbili. Ni tatu.) Miguu kama ya mbuni, shingo kama wazo lisiloisha, na mkia unaoenda tu. Kendi alinieleza kwamba mifupa yake ilikuwa na uwazi ndani, kama ya kuku. Nikamsikitikia. Mfupa mtupu, supu utamuuzia nani?

Ukungu ulikuwa umeshuka ukajaa madirishani. Nikaanza kuelea. Nikaiona Nchiru ya enzi zake. Hakuna Mlima Kenya, haujachipuka bado. Hakuna Nyambene. Hakuna mti wa miraa hata mmoja, hakuna njia, hakuna mtu wa kusema "punguza kidogo." Karibu miaka milioni mia mbili ya ukimya, na Koelo anapita katikati yake kwa hatua laini, akinusa mvua iliyo mbali. Mimi nyuma yake, kamba mkononi, tunaelekea soko ambalo halijajengwa. Sikuwa na haraka. Nilijiuliza tu, polepole: huyu ana umri gani?

Hapo mkono ukajiendea wenyewe.

Dalali wa mbuzi akiuliza umri, kidole huingia mdomoni, maana umri wa mbuzi husomwa menoni. Si dhambi, ni kazi. Nikapapasa taya la juu. Ajabu! Mbuzi hana meno ya mbele juu, lakini huyu amejaa kotekote. Nikahesabu upande mmoja: ishirini na moja. Nikarudia, maana mimi hurudia. Ishirini.

La ishirini na moja lilikuwa kiganjani mwangu.

Nikasikia viatu mlangoni. Jino likaingia mfukoni, ndani ya leso. (Dalali mzima na ndevu zangu, naficha jino la plasta!)

Daktari ni mama mpole mwenye miwani. Akasoma karatasi ya Kendi, akainamia taya.

"Kendi, umeandika meno ishirini na moja kila upande. Hapa naona pengo."

Kendi akanitazama. Mimi nikatazama dari. Nilipokumbuka ule mwaka wa kurudia, nikajikuta naongea kama niko sokoni:

"Daktari, huyo anabadilisha meno. Hata mbuzi hubadilisha. Pengo ni dalili ya ujana. Mwenye pengo ndiye wa kununua!"

Daktari akavua miwani. "Kweli kabisa, mzee! Hawa walibadilisha meno maisha yao yote. Kendi, baba yako amesomea wapi?"

Wueh! Nilijaa kama gunia la maharagwe. Jasho la furaha likanitoka. Nikavuta leso nijipanguse.

Jino likaruka. Likagonga sakafu mara mbili (nilihesabu), likatulia kando ya kiatu cha daktari.

Ule ukimya wa miaka milioni mia mbili ukarudi wote.

"Na hili," daktari akauliza, "limebadilika saa ngapi?"

Kendi akaliokota. Akatoa gundi mkobani, akapaka jino, akalirudisha mahali pake. "Shikilia, Baba." Nikashikilia dakika tano. Kisha nikavuta kidole. Kidole kikakataa.

Hivyo ndivyo mtakavyoniona pichani: koti la kanisani, kidole kinywani mwa Koelo, wanafunzi wamenizunguka na simu zao. "Mzee, tabasamu! Huyo hang'ati, ameshiba!" Na mimi, mniamini ama msiniamini, nilikuwa nimerudi kwenye ukungu. Jicho lake lilikuwa karibu na langu. Shimo tu, lakini linaona mbali. Nikamwomba msamaha kwa Kimeru, chinichini. Alinivumilia.

Tukiwa tunangoja msichana fulani alete dawa ya kutoa rangi ya kucha, ati huyeyusha hata gundi, daktari akatangaza alama. Sabini na nane. Kendi amepita! Nikaanza, "Daktari, themanini si mbali sana na hapo..."

"Baba!"

Nikafunga mdomo. Wa Koelo ukabaki wazi, na mimi ndani yake.

Sasa naona Mutwiri ameshaandika, "Baba Kendi, huyo anakamuliwa?" Sawa, chekeni leo. Lakini kesho niko mnadani na kidole changu kimepona, na yeyote atakayecheka, nitamfungua mbuzi wake mdomo mbele ya mnunuzi.